Jua Halina Bwana, Lakini Paa Lina Kodi

Wako ndugu wanachama ambao, wakiona tu kichwa cha maneno haya, watauliza: kodi ya watu wa Florida, huko Marekani, yatuhusu nini sisi? Swali hilo ni la haki, na twalijibu kabla ya kwenda mbele. Kodi yao ni yao. Lakini jua linalopiga mapaa yao ndilo linalopiga mapaa yetu, na hila za wenye mali za kumfanya raia apige kura ya kujiumiza mwenyewe hazina taifa. Husafiri bila pasipoti. Wazee walikwisha sema: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Leo twataka kueleza habari ya watu ambao katika mwaka mmoja, 2016, waliletewa maswali mawili ya kura, yote mawili yakivaa jina la jua. Moja lilikuwa la kuwafaa. La pili lilikuwa mtego.

Florida ni jimbo la kusini mashariki mwa Marekani, rasi ndefu iliyoingia baharini. Tangu mwaka 1970 jina lake la sifa kwa sheria ni Jimbo la Mwangaza wa Jua. Hata hivyo, mwaka 2016 umeme uliotoka katika jua haukutimia hata sehemu moja katika mia ya umeme wote wa jimbo hilo. Zaidi ya nusu ulitoka katika gesi, na gesi yenyewe huletwa kwa mabomba kutoka majimbo mengine. Yaani watu wana moto juu ya vichwa vyao, nao wanunua moto wa watu.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu ni zaidi ya moja, lakini mbili zatosha kutajwa. Ya kwanza ni sheria ya kuuza umeme. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kuwa mtu akiuza umeme, hata kwa mteja mmoja tu, amekwisha kuwa kampuni ya umeme na yampasa kushika masharti yote ya makampuni hayo. Basi jirani hawezi kumwuzia jirani umeme wa paa lake, na biashara yote ikabaki mikononi mwa wakubwa wachache. Sababu ya pili ni kodi, na hiyo ndiyo iliyoleta kura tunayotaka kuizungumza.

Hapa yafaa tueleze kodi yenyewe, kwa sababu si sawa na tuliyoizoea. Katika Tanzania, tangu mwaka 2021 nyumba yenye mita ya LUKU hukatwa kodi ya majengo humo humo katika umeme, na kiwango huwa kimoja kwa nyumba za namna moja. Florida si hivyo. Kule kila kaunti, yaani kama wilaya, ina mthamini wake. Mthamini huangalia nyumba, ghala au duka, akataja thamani yake, na kodi hutozwa kwa kadiri ya thamani hiyo. Ukiongeza chumba, thamani yapanda na kodi yapanda. Tena mfanyabiashara hutozwa kodi nyingine juu ya vyombo vya kazi yake: mashine, samani, na kila kifaa cha kuchumia.

Sasa fikirini, ndugu wasomaji. Mwenye duka amechoka na bei ya umeme. Akakopa fedha, akaweka paneli za umeme wa jua juu ya paa. Mwaka unaofuata aja mthamini na kusema, jengo lako limeongezeka thamani, ongeza kodi. Mtu yule ameadhibiwa kwa kujitegemea. Na yule aliyetaka kukodisha paneli kwa watu wasioweza kununua, naye alikutana na kodi ya vyombo vya biashara juu ya kila paneli aliyoifunga kwenye paa la mtu mwingine, na bila shaka mzigo ule aliushusha katika bei ya mteja.

Mwenye nyumba ya kukaa alikuwa amekwisha pata nafuu kidogo. Mwaka 2008 wananchi walikubali kwa kura kuwa kifaa cha umeme wa jua kisiongezwe katika thamani ya nyumba ya kukaa. Lakini angalieni mwendo wa mambo: kura ilipigwa 2008, na sheria ya kuitekeleza ilitungwa mwaka 2013. Miaka mitano ilipita. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na wenye maduka, viwanda na mashamba walibaki nje ya mlango.

Ndipo likaja swali la kwanza la mwaka 2016, lililoitwa Marekebisho ya Nne. Lilipelekwa kwa wananchi na baraza la kutunga sheria la jimbo lenyewe, na waliolipeleka walitoka katika vyama vyote viwili vikubwa. Maneno yake yalikuwa na sehemu mbili. Kwanza, baraza lipewe ruhusa ya kusamehe kodi ya vyombo vya biashara kwa vifaa vya umeme wa jua na vya nguvu nyingine zisizokwisha. Pili, mthamini azuiwe kuvihesabu vifaa hivyo anapotaja thamani ya jengo lolote, liwe la kukaa au la biashara. Msamaha uanze tarehe 1 Januari 2018 na ukome tarehe 31 Desemba 2037. Miaka ishirini, basi.

Kura ilipigwa tarehe 30 Agosti 2016. Katika Florida marekebisho ya katiba hayapiti kwa nusu ya kura. Yataka sehemu 60 katika mia. Marekebisho ya Nne yalipata karibu sehemu 73. Watu wa mrengo wa kulia walisema ndiyo kwa kuwa hawapendi kodi na wanapenda mtu awe huru katika mali yake. Watu wa hifadhi ya nchi na hewa walisema ndiyo kwa kuwa wanataka moshi upungue. Wafanyabiashara walisema ndiyo kwa ajili ya hesabu zao. Watu hawa hawakupatana kwa itikadi, na kesho yake walirudi kugombana kwa mengine. Lakini walipatana kwa jambo moja, wakalisimamia mpaka mwisho, nalo likasimama.

Hilo ni funzo la kwanza, na wanachama wetu wanalijua ingawa mara nyingine wanalisahau. Umoja hauwi wa watu wanaofanana kwa kila kitu; umoja wa namna hiyo haujapata kuonekana duniani. Umoja ni wa watu waliotaja jambo moja kwa jina lake na kukubaliana kutoliacha.

Lakini kabla wino wa kura ya Agosti haujakauka, swali la pili lilikuwa mlangoni. Hili liliitwa Marekebisho ya Kwanza, la uchaguzi wa tarehe 8 Novemba mwaka ule ule. Halikutoka barazani. Lilitoka katika kampeni iliyolipiwa kwa dola zaidi ya milioni 20, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa makampuni makubwa ya umeme ya jimbo. Sasa ulizeni: tangu lini mwenye duka akatoa fedha zake kumsaidia mteja asinunue dukani kwake?

Maneno ya swali hilo yalikuwa matamu. Yalisema raia awe na haki katika katiba ya kumiliki au kukodi vifaa vya umeme wa jua kwa matumizi yake. Nani atakataa haki? Lakini haki hiyo watu walikuwa nayo tayari. Nyuma ya asali ile palikuwa na sentensi nyingine: kwamba serikali ibaki na uwezo wa kuhakikisha kuwa wasioweka umeme wa jua hawalazimishwi kubeba gharama za nyaya na umeme wa akiba kwa ajili ya walioweka. Kwa sikio la haraka, hiyo ni haki tupu. Kwa mtu anayesoma mara ya pili, ni mlango wa kumtoza ada mpya kila aliyeweka paneli, na mlango huo ungetiwa katika katiba ambako kuufunga ni kazi ya miaka.

Swali lile lilikwenda Mahakama ya Juu ya jimbo ili maneno yake yapimwe kama yanampotosha mpiga kura. Majaji wanne walilipitisha na watatu walilikataa. Jaji Barbara Pariente, mmoja wa wale watatu, aliandika kuwa swali hilo ni mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, akawaonya wapenda umeme wa jua wajihadhari. Basi hata hukumu yenyewe ilipita kwa jaji mmoja tu.

Kisha mwezi wa Oktoba ikatoka sauti iliyorekodiwa katika mkutano mmoja mjini Nashville. Mkubwa mmoja wa taasisi ya mambo ya sera alisikika akiwaeleza wenzake jinsi ya kuutumia upendo wa watu kwa jua ili kupitisha jambo ambalo makampuni yanalitaka. Wenye kampeni walisema hawakumwajiri. Sisi hatuna haja ya kuhukumu nani alimwajiri nani. Mwenye macho haambiwi tazama. Wananchi waliopigania kura ya Agosti walizunguka nyumba kwa nyumba na neno moja rahisi: Agosti tulisema ndiyo kwa la nne, Novemba tuseme hapana kwa la kwanza.

Matokeo? Swali la makampuni lilipata sehemu 50.8 katika mia. Halikufika 60, likaanguka.

Watu wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sisi twaomba tuitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walisema ndiyo kwa swali lililotungwa kuwabana. Miongoni mwao hatuna shaka walikuwamo wengi waliosema ndiyo ya Agosti kwa moyo safi, wakaona tena neno jua katika karatasi, wakatia alama ile ile. Kilichowaokoa kilikuwa kanuni ya 60 katika mia, iliyowekwa na kura ya mwaka 2006. Na tena kanuni yenyewe wakati ule ilipita kwa sehemu isiyofika 58. Kama kanuni ya zamani ya nusu ingalikuwapo, mtego ungalifunga. Watu waliokolewa na ukuta, na siku nyingine ukuta unaweza usiwepo.

Hilo ni funzo la pili. Karatasi ya kura haisomwi kwa kichwa chake. Anayeandika swali ndiye mwenye nusu ya jibu. Yampasa kila mwanachama, akiletewa jambo la kura, kuuliza maneno matatu kabla ya kushika kalamu: nani ameliandika, nani amelilipia, na ni kitu gani nitakachokuwa nacho kesho ambacho leo sina. Kama jibu la swali la tatu ni hakuna kitu, rudisha karatasi uisome tena tangu juu.

Sasa tuje katika jambo gumu zaidi, maana gazeti hili halina desturi ya kusifu tu. Msamaha wa kodi si zawadi iliyoshuka mbinguni. Fedha isiyolipwa na mmoja ama italipwa na mwingine, ama kazi fulani haitafanyika. Katika Florida jambo hili lina uzito wa pekee. Jimbo lile halitozi kodi ya mapato kwa mtu binafsi, na katiba yake hailiruhusu jimbo lenyewe kutoza kodi ya majengo na vyombo. Kodi hiyo ni ya kaunti, ya miji na ya bodi za shule. Ndiyo ilipayo walimu na zimamoto. Basi wajumbe wa baraza la jimbo waliposamehe kodi, walisamehe fedha ambazo kwa sehemu kubwa haziingii katika mfuko wao. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa kibaba cha jirani.

Twasema hivyo bila kuijutia kura ya Agosti. Kama tungalikuwa wapiga kura wa Florida tungalisema ndiyo. Lakini tungaliongeza neno: kwamba anayesamehe aangalie kiti cha mtoto darasani. Na kwa kweli, sheria ya utekelezaji iliyotiwa saini na Gavana Rick Scott mwezi wa Juni 2017 ilionyesha kuwa baadhi ya watu waliliona jambo hili. Kwa majengo ya biashara na kwa vyombo, haikusamehe yote; ilisamehe sehemu 80 katika mia, na 20 zikabaki kwa kaunti. Na katika kaunti zenye hali ngumu ya fedha, miradi iliyokuwa imekwisha ombewa kibali kabla ya mwisho wa mwaka 2017 haikupata msamaha huo, ili kaunti hizo zisinyang'anywe fedha zilizokuwa zikizitazamia. Huo ni utu katika sheria, na twausifu.

Bali liko la pili lisilofurahisha. Msamaha haukubagua mkubwa na mdogo. Mwenye duka mwenye paneli ishirini anasamehewa, na kampuni yenye shamba la paneli la maelfu ya ekari nayo yasamehewa. Makampuni yale yale yaliyokuwa yakilipia mtego wa Novemba yamejenga tangu hapo mashamba makubwa ya umeme wa jua. Kampuni kubwa kupita zote kule ilitangaza mwaka 2019 kuwa yataka kufunga paneli milioni 30 kufika mwaka 2030. Leo Florida ni miongoni mwa majimbo ya mbele kabisa Marekani kwa umeme wa jua. Ni jambo jema kwa hewa na kwa nchi. Lakini mpangaji, asiye na paa lake, amepata nini katika msamaha huu? Hana paneli, hana jengo la kuthaminiwa. Yeye hungoja bei ya umeme, na bei hupangwa mbali na mlango wake. Hili ndilo swali ambalo kura ya Agosti haikulijibu, na mtu yeyote anayetaka kuiga kwao na alijibu kwanza.

Nafuu moja ilitokea mlango wa upande. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya jimbo inayosimamia huduma za umeme iliamua kuwa kumkodisha mtu paneli kwa malipo yasiyobadilika ya kila mwezi si kumwuzia umeme, hivyo si kosa. Uamuzi huo, ukichanganywa na msamaha wa kodi ya vyombo, ulimfungulia njia mtu asiye na fedha za kununua kwa mara moja. Bila kura ya Agosti, kodi ya chombo kilichokodishwa ingaliila nafuu hiyo yote.

Je, vita vimekwisha? Havikwisha. Mwaka 2022 baraza la jimbo lilipitisha mswada wa kupunguza malipo anayopata mwenye paneli kwa umeme wa ziada anaourudisha katika nyaya za kampuni. Shabaha ilikuwa ile ile ya 2016, ila safari hii haikupitia kwa mpiga kura, ilipita barazani. Gavana Ron DeSantis aliukataa mswada huo mwezi wa Aprili 2022 akitoa hoja ya kupanda kwa gharama za maisha. Mchovya asali hachovyi mara moja. Na mwaka 2037 msamaha wenyewe utakoma, na mjadala utarudi upya mbele ya watu ambao wengine wao leo ni watoto wa shule.

Hilo ni funzo la tatu, na hapa hatuhitaji kuvuka bahari kulithibitisha. Katika Kenya, sheria ya fedha ya mwaka 2020 iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya umeme wa jua, na mwaka uliofuata, 2021, msamaha ukarudishwa. Katika mwaka mmoja fundi wa kijijini na mteja wake wa taa moja walipandishwa na kushushwa kama mzigo wa forodhani. Msamaha unaotolewa kwa mstari mmoja wa sheria huondolewa kwa mstari mmoja. Watu wa Florida waliuandika wao katika katiba, wakautajia mwanzo na mwisho, na mtu anayekopa fedha kununua paneli anajua anasimama juu ya nini. Afadhali nafuu ndogo yenye tarehe kuliko nafuu kubwa isiyojulikana kesho yake.

Basi ndugu wanachama, mkikutana katika matawi yenu wiki hii, lichukueni jambo hili mlizungumze. Msilizungumze kama habari ya ng'ambo ya kupitishia jioni. Ulizeni: katika mji wetu, mtu akijiwekea umeme wa jua, ni kodi gani na ada gani zinazomngoja, kuanzia forodhani mpaka juu ya paa? Ni nani aliyeziweka? Zikipunguzwa, ni shule gani au zahanati gani itakayopungukiwa, na pengo litazibwa na nani? Andikeni majibu kwa nambari. Chama kisichojua hesabu za watu wake kitaletewa hesabu na wengine, nayo itakuwa imekwisha jumlishwa.

Na siku mtakapoletewa karatasi yenye maneno matamu ya jua, ya maji au ya ardhi, msiharakishe. Watu wa Florida walisema ndiyo moja iliyowafaa na walikaribia sana kusema ya pili ya kuwaumiza, na kati ya hizo mbili zilipita wiki kumi tu. Someni mara mbili. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, na asiyeelewa aulize bila haya. Kura ni mali ya mwananchi kama shamba lake, na hakuna mkulima anayetia saini hati ya shamba gizani.